Ngozi ya Chumvi

Maabara nzima tunamwita Dada Taratibu, naye huitika. Kabla ya kupima jinsi uso wa chumvi iliyoyeyuka unavyoshikana, huvua viatu, huzima feni, kisha huinamia kidirisha cha tanuri, ambamo chumvi mbili zilizochanganywa zimeyeyuka zikawa angavu kama maji ya kunywa. Vidole vyake vyenye makovu ya moto huteremsha pete ya platini, inayoning'inia kwenye mzani, mpaka iguse uso wa chumvi, halafu huivuta juu kwa mwendo wa kinyonga, akitafuta ile nguvu ya mwisho kabla uso haujakatika. “Haya mwanangu, shikilia,” huinong'oneza chumvi.

Jana mkuu wetu, ambaye hanyamazi hata akitafuna, aliingia na wageni akiwa katikati ya maneno. Dada hakugeuka, aliinua kiganja tu. Mkuu akaganda mlangoni, mguu mmoja nje. Kwenye skrini ya kamera ya tanuri tuliona chumvi ikipanda na pete, ngozi nyembamba inayong'aa, ikivutika, ikikataa kuachia, hata tukasahau kupumua. Ilipokatika, mzani ulilia na namba tuliyoingoja ikatokea. Sote tukaikimbilia namba. Yeye alibaki kidirishani, akiitazama chumvi inavyotulia, akaiambia kwa sauti ndogo, “Pole.”