Anyesi na Mafunjo ya Akheri

Anyesi alikuwa mjane katika kijiji cha Akheri, na kinamasi kilichokuwa chini ya migomba yake ndicho kilichomlisha. Alikata mafunjo, akayaanika, akasuka mikeka ya kuuza Arusha, karibu na boma la Wajerumani.

Siku moja alikuja mzungu mmoja aliyepewa shamba la kahawa pale jirani. Alifuatana na mkalimani wake Jabiri, mtu wa Tanga.

"Mama, bwana anataka kujua majani haya yanaotaje," alisema Jabiri.

Anyesi hakuwahi kuulizwa jambo na mkubwa yeyote. Akaingia majini hadi mapajani, akacheka. Akawaonyesha yungiyungi: mzizi umeshika tope, na maji yakipanda, kikonyo hurefuka ili jani lisizame. Akateka kiganjani vijani vidogo vinavyoelea tu, bila kushika chochote, vikizaana mpaka maji yasionekane. Mwisho akafika kwenye mafunjo.

"Haya ukiyakata juu, unajisumbua. Yatasimama tena. Uhai wake uko kwenye shina hili nene, linalotambaa ndani ya tope."

"Bwana anauliza, na liking'olewa?"

"Likikaukia juani, basi tena."

Jabiri akatafsiri. Mzungu akaandika.

Kiangazi kilipofika, wakaja vibarua arobaini wa yule mzungu na majembe. Walichimba mfereji wa kutoa maji, wakang'oa yale mashina, wakayarundika juani. Anyesi alimkimbilia Jabiri.

"Si alisema anayapenda?"

"Hakusema hivyo, mama. Aliuliza yanaotaje." Jabiri alitazama pembeni. "Mimi nilitafsiri tu."

Kinamasi kilipokauka, chemchemi ya chini nayo ikapungua, na wanawake wakaanza kufuata maji mbali. Shemeji yake, Kisioki, akamsimamisha mbele ya watu.

"Wewe ndiye uliyemfundisha!"

Kilichomchoma Anyesi zaidi ni kwamba siku ile majini alikuwa na furaha.

Akahamia Maji ya Chai kwa dada yake Resiato, akawa analima kibarua. Mwaka wa pili Resiato akamsihi akaombe radhi nyumbani. Akaenda. Namnyaki, mke wa Kisioki, alimpa maziwa kwenye kibuyu, akamkaribisha kiti. Kisioki alikuwa uani akichonga mpini. Anyesi alimsalimu mara tatu. Hakuitika, wala hakuinua kichwa. Anyesi akamrudishia Namnyaki kibuyu, maziwa yakiwa hayajaguswa, akashika njia.