Kifaa Nilichomchagulia Mke Wangu

Nimesoma hadi darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Sioni aibu kulisema. Mashine ya kukamua alizeti niliipata kwa jasho langu, na hapa Mgori hakuna aliyenishika mkono. Kusoma kwenyewe nilifundishwa na mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mwaka tuliooana. Nikajua kiasi cha kusoma risiti na majina ya wateja. Vitabu alinisomea yeye, kila siku baada ya chakula cha mchana, mashine ikiwa imezimwa ipoe. Tulizeeka hivyo.

Halafu akaanza kusomea dirishani. Baadaye mlangoni. Baadaye akatoa kiti nje kabisa, juani. Siku moja akafunga kitabu katikati ya hadithi.

"Siku hizi wanachapa viherufi vidogo kama chawa, baba," akasema.

Nikamwamini. Niseme kweli: ilinifaa kumwamini.

Nikasikia kuna vifaa vya kusomea vitabu ambavyo herufi unazikuza upendavyo. Nikapanda gari hadi Singida mjini, kwenye duka la simu karibu na stendi. Binti muuzaji akaniwekea vitatu mezani. Nikavikusanya, nikatoka navyo nje.

"Babu, unavipeleka wapi?"

"Juani. Mbegu hainunuliwi gizani."

Akanifuata hadi kizingitini anacheka. Cha kwanza kilikuwa kishikwambi, kizuri kwelikweli, lakini juani niliona uso wangu na mawingu, herufi hakuna. Cha pili hakikung'aa, maandishi yalitulia kama ya karatasi, ila kioo kilikuwa kidogo kama kiganja cha mtoto. Cha tatu kilikuwa kama cha pili, ila kipana. Binti akaonyesha jinsi ya kukuza, neno moja likajaa mstari. Akasema chaji inakaa wiki kadhaa, na kikiachwa bila kuguswa kinalala chenyewe, kinaweka picha ya ndege.

"Anayesoma nani, babu?"

"Mke wangu."

"Basi mlete ajaribu mwenyewe. Macho ni ya kwake."

"Binti, mimi nanunua alizeti kwa ukucha huu. Nabana mbegu, naona mafuta, namaliza. Sijawahi kumwita mpika maandazi aje anichagulie mbegu."

Waliokuwa dukani wakacheka. Nikajisikia mtu. Binti akaniwekea humo hadithi za Kiswahili, akanifungia kile kipana.

Nyumbani mke wangu alikipapasa mbele na nyuma.

"Mzee wangu umeninunulia kibao cha kukatia mboga?"

"Soma uone."

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Kesho yake, tulipomaliza ugali na mlenda, akasoma. Hadithi ya mama mmoja aliyehama kijiji kumkimbia jirani, akamkuta jirani kahamia huko huko. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kila siku hadithi, na zilikuwa tamu kuliko za vitabu vyote vya zamani. Nikawatambia wateja kwamba nimemrudishia mwalimu kazi yake.

Siku moja anasoma, kiu ikanibana. Nikapita nyuma ya kiti chake kwenda mtungini. Jicho likaangukia kioo.

Palikuwa na ndege. Herufi hata moja hakuna. Na yeye anaendelea, sauti inapanda, inashuka, inapumzika mahali pa mkato, kidole kinabonyeza ukingoni, nje ya kioo, kama anafungua ukurasa.

Nilisimama pale na kikombe kitupu. Nikaikumbuka chai aliyoimimina nje ya kikombe, na watu aliowauliza majina wakiwa wamesimama mbele yake. Yote hayo nilikuwa nimeyaona.

"Mbona umesimama? Kaa, ndipo panaponoga."

"Mama," nikasema, "unaona?"

Akakishusha kifaa mapajani.

"Herufi sioni tangu zamani. Sasa hata wewe nakujua kwa kikohozi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekwenda kununua kitu."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

"Na hizo hadithi?"

"Zangu. Ulikuwa umefurahi, baba. Ningefanyaje?"

Kesho yake nilimpeleka hospitali, nimemshika mkono kama bibi harusi. Daktari alimmulika muda mrefu. Akasema ni presha ya macho, na nuru iliyoondoka hairudi. Tungewahi, dawa ingeizuia presha. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi ninayeishi naye.

"Mzee, alianza lini kutoona vizuri?"

Mimi ninayejua gunia lina kilo ngapi kwa kuliangalia tu, nikatazama viatu vyangu.

Mke wangu akajibu mwenyewe, taratibu, kwa ile sauti yake ya darasani: "Ulikuwa mwaka upepo ulipoezua mabati ya kibanda cha mashine."

Mwaka huo naukumbuka vizuri. Nakumbuka kila bati lilikoangukia, na fundi aliyeyarudisha, na siku niliyowasha tena mashine. Yeye simkumbuki alikuwa amekaa wapi.