Mpiga Ngoma wa Mhunze na Swali la Daktari

Marcel alirudi Mhunze kutoka machimbo ya Geita na baiskeli mpya, mablanketi mawili na masikio yaliyokufa. Mashine ya kuponda mawe ilikuwa imeyamaliza. Yule mcheshi wa kilabuni sasa alilazimika kumtazama mkewe, Philomena, mdomoni kama mtoto anayesubiri tonge. Bahati nzuri mdomo wenyewe ulikuwa wa kutazamika.

Kila mwaka baada ya mavuno alikuja daktari mmoja aliyewafuatilia wachimbaji wa zamani, kujua wanaishije bila kusikia. Aliuliza swali lile lile, na Philomena akalirudia polepole: "Baba Melania, uziwi umekunyima nini mwaka huu?" Mara ya kwanza Marcel alijibu, "Sauti ya mke wangu," akalia. Mwaka uliofuata alisema, "Soga."

Mwaka huu alichokiogopa ni kunyimwa ngoma. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma mkuu wa kundi la Bagika, na Valerian, manju wao, alikwisha kumwambia Philomena: "Shemeji, akipotea mapigo kwenye mashindano, ngoma namkabidhi msaidizi wake, Theonest." Philomena hakumficha mumewe.

Siku ikafika. Bagika upande huu wa uwanja, mahasimu wao Bagalu upande ule, wote wakipiga kwa wakati mmoja. Mshindi ni atakayezoa watazamaji. Bagalu nao hawakuwa wajinga. Walisogeza ngoma zao hadi pua kwa pua, wakapiga mwendo wa kinyume, makusudi. Theonest akababaika, akadandia mapigo ya Bagalu. Valerian mwenyewe akaanza kuimba kwa mwendo wao! Ikawa vurugu tupu.

Marcel alikuwa amewaona Bagalu wakija, akafumba macho. Ngoma kaibana mapajani, mtetemo unampanda mpaka kwenye meno, akapiga. Akapiga tu. Wenzake wakamrudia mmoja mmoja. Watu wakahama mbio, vumbi juu, kina mama wakipiga vigelegele ambavyo hakuvisikia.

Alipofumbua macho, uwanja mzima ulikuwa umemzunguka. Kwa Bagalu amebaki mbwa. Valerian alikuwa akilia huku anacheka. Na daktari, shati limelowa jasho, alikuwa akirukaruka katikati ya wachezaji, vibaya, vibaya kabisa.

Philomena akamshika mumewe mashavu ili amsome vizuri. "Daktari anauliza. Uziwi umekunyima nini mwaka huu?"

Marcel akacheka mpaka ngoma ikamponyoka.

"Mwambie, ngoma za Bagalu! Naona walizipiga sana, maskini, lakini mimi sikuipata hata moja."