Siku Nilipombandika Mama Mkwe Karatasi Mgongoni

Chekeni, lakini mngoje nimalize, maana hata leo nikiikumbuka siku hiyo nikiwa peke yangu shambani najifunika uso kwa kofia.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kuisha, nami mwalimu mpya wa bayolojia katika shule moja karibu na Othaya, nimetoka chuo kikuu na kichwa kimejaa. Huko nilikuwa nimesoma jambo ambalo bado linanishangaza: ukijikata, damu inaachilia kitu kidogo kiitwacho kichocheo cha ukuaji, nacho hakiingii ndani ya seli hata kidogo, kinabaki nje tu, kinashika vipokezi viwili vilivyochomoza ukutani, kinavivuta pamoja, na kwa upande wa ndani kila kipokezi kinakibandika kingine chembe ya fosfati, basi habari inakimbia hadi kwenye kiini, seli inagawanyika, kidonda kinafunga. Kitu kimegonga mlango tu, nyumba nzima ikaamka. Nilitaka kila mtu astaajabu kama mimi.

Siku ya wazazi nikaamua tuigize. Kidato cha tatu wakashikana mikono duara uwanjani, hiyo ndiyo seli, na msichana mmoja mrefu akawa kichocheo. Wanafunzi wawili waliokuwa vipokezi (niliwafunza wiki nzima) wakaitwa jikoni kubeba sufuria za chai dakika ile ile. Mwenye akili angewasubiri. Mimi nikasema nitakuwa kipokezi mwenyewe, na cha pili nikamwomba mama mmoja wa safu ya mbele, mwenye kitambaa cha kijani, kwa kuwa ni yeye tu aliyekuwa akinisikiliza bila kusinzia.

Akasita, akasimama. Nikampa karatasi yenye gundi, ndiyo fosfati yake, nami nikashika yangu. Msichana akatushika mabega, akatuvuta pamoja, nami nikambandika yule mama karatasi yangu mgongoni kwa kofi zito (nguvu za sayansi hizo), naye akanibandika yake polepole, na duara likagawanyika likawa maduara mawili, wazazi wakashangilia, na siwafichi, machozi yalinilengalenga kwa uzuri wa jambo lenyewe.

Ndipo nikamwona Wangari, mchumba wangu, aliyefundisha kule Chaka. Wazee wangu walikuwa waende kwao kumposa Jumamosi iliyofuata, na mama yake sikuwa nimewahi kumwona hata kwa picha. Wangari alikuwa ameenda kuchukua chai, sasa amesimama na vikombe viwili, hasogei.

“Mwalimu,” akasema chini chini, “toa mkono kwa mgongo ya mama yangu.”

Kwetu wakati ule mtu hamgusi mama mkwe. Mkikutana njiani unampisha, ukienda kwao anakaa chumba kingine. Mimi nilikuwa nimempiga kofi mbele ya uwanja mzima. Kumbe Wangari alimleta anione kwa mbali, na hakuwa amemwonyesha bado mimi ni yupi. Aliposikia mimi ni nani akajifunika uso kwa kitambaa, akaondoka na karatasi yangu ikiwa bado mgongoni.

Jumamosi tulienda tukijua tunaweza kurudishwa. Baba yake Wangari hakutuambia tuketi. Mama alikuwa chumba cha pili, mlango umerudishwa. Mjomba wangu akaomba radhi kwa niaba yangu, nasi bado tumesimama, nikaona nimempoteza Wangari kwa ajili ya gundi. Kisha Wangari akaitwa ndani, akatoka.

“Mama anauliza, hiyo kitu ikishaambia seli iongezeke, ni nani huiambia sasa imetosha?”

Chuoni tulichukua mwaka mzima kufika kwenye swali hilo, yeye alisimama uwanjani mara moja tu. Nikamwambia Wangari ampelekee jibu: seli yenyewe humeza kipokezi na kukizima. Akaingia, akatoka tena.

“Na ikikataa kuzima?”

“Hapo inageuka uvimbe usiokoma,” nikasema. “Saratani. Si kosa la mtu.”

Wangari akarudi ndani na jibu hilo. Baadaye ndipo Wangari aliniambia kwamba nyanya yake, aliyemzaa mama yake, alikufa kwa uvimbe wa titi, ukoo ukasema ni laana, na mama yake alibeba neno hilo tangu akiwa msichana. Wakati ule mimi niliona tu kibuyu cha uji kikitolewa, kikaletwa kwangu kwanza, na baba yake akatuonyesha viti.

Niliapa kutomwita tena mzazi mbele bila kuuliza ni nani, na kiapo hicho nimekishika. Na kila nikifika darasani pale pa seli iliyokataa kuzima, nasema taratibu, kwa sababu sijui ni nani pale ndani amekuwa akingoja jibu hilo maisha yake yote.