Kamba ya Kukamulia

Asubuhi ambayo mwenyekiti wa kijiji alikuja kutuita sisi mgambo twende vitani, nilikuwa zizini hapa Kasoli, nikimkamua ng'ombe mmoja. Jirani yangu Masanja alikuwa akimfunga ng'ombe yule yule miguu ya nyuma kwa kamba. Tulikuwa vijana. Hatukuwa tumesoma, lakini kwa kukamua hakuna aliyetushinda. Masanja alijifunga kamba ile kiunoni, akasema huenda huko vitani nako kuna ng'ombe. Wanawake wakacheka. Tulifika nayo hadi ng'ambo ya Mto Kagera.

Kulwa, mjukuu wangu, andika kama ninavyosema. Usipunguze ukali.

Ilikuwa asubuhi, katika kijiji kilichokimbiwa na watu wake. Tulipita kati ya migomba, Masanja mbele, mimi nyuma yake.

Risasi zikaanza.

Moja ikanipata mkono wa kulia, juu ya kiwiko.

Nikaanguka. Damu ilikuwa nyingi.

Masanja alinivuta nyuma ya ukuta, akafungua kamba kiunoni, akaufunga nayo mkono wangu kwa nguvu zake zote. Damu ikakoma.

“Usiiguse, ngosha, mwanamume wewe,” aliniambia. “Ukiilegeza utakufa. Naja sasa hivi.”

Milio ya bunduki ilihamia mbali. Ndipo nikasikia ng'ombe. Walikuwa wameachwa bila kukamuliwa, viwele vimejaa, wakilia kwa maumivu. Mtu aliyelelewa zizini hawezi kuisikia sauti ile akapita. Masanja hakupita.

Mkono uliwaka moto. Kisha ukawa kama umejaa siafu. Kisha sikuusikia tena.

Sikuigusa kamba.

Alirudi jua likielekea kuzama, kofia yake ya chuma imejaa maziwa, akitabasamu. “Kunywa, ngosha. Maskini, walikuwa wanateseka mno.” Nilikunywa. Nilikuwa na kiu.

Hospitalini, daktari alisema risasi ilipita nyamani tu. Kilichouponda mshipa wa fahamu ni kamba, kwa kukaa muda mrefu. Aliniamuru ninyanyue kiganja. Kilining'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Niliweza kukunja vidole, lakini kuvinyoosha sikuweza. Daktari alipokishikilia kiganja changu juu, nilikamata kikombe. Alipokiachia, kikombe kikaanguka. Alisema huenda mshipa ukaota tena. Haukuota.

Nilirudi nyumbani. Pamba huchumwa kwa vidole vinavyofunguka, vyangu havikufunguka. Ng'ombe hukamuliwa kwa mkono wenye nguvu. Wangu haukuwa nazo. Masanja alirudi mzima, na katika kila harusi alisimama akasema, “Mnamwona huyu? Mimi ndiye niliyemfunga asife!” Watu wakampigia makofi. Kisha akaongeza, “Na mkono wake mpaka leo unatafuta sindano chini!” Wakacheka. Mimi sikucheka.

Siku moja nilimkuta zizini kwake, nikamwuliza, “Masanja, ng'ombe unaweza kumwacha amefungwa kutwa nzima?”

“Wee!” alijibu upesi. “Mguu si utakufa?”

Kisha akautazama mkono wangu. Tangu siku ile hakusimulia tena harusini, wala hakuja tena nyumbani kwangu.

Tumemzika mwaka huu. Mwanawe aliniomba niseme machache kaburini. Nilisema kwamba baba yao aliniokoa, kwa kuwa ni kweli. Bila yeye, wewe Kulwa usingezaliwa. Nikasema pia kwamba siku ile aliwahurumia ng'ombe wa watu asiowajua, akanisahau mimi, kwa kuwa hilo nalo ni kweli. Wanawe wamenikasirikia. Na wakasirike.

Kwa uhai huu ninashukuru. Kwa mkono huu nina hasira, na shukrani haijaipunguza hata kidogo. Nilimngoja Masanja aje aniambie neno moja tu, na sasa hayupo wa kulisema.

Andika hivyo. Usiongeze kwamba nimemsamehe.