Jina la Mfuata Mapacha

Juzi, kwenye maternite, wodi ya wazazi, muuguzi alifungua daftari aandike jina la mjukuu wangu, mtoto wa kike aliyefuata mapacha. Nikakumbuka mchana ule wa utotoni, mwalimu alipotuambia darasani kuwa serikali imeamuru tuache majina ya ubatizo. Kesho kila mtoto alete jina la mababu.

Mimi, Beatrice, nilidhani majina hayo ni kama samaki wa Kasenyi: ukichelewa sokoni, wakubwa wamekwisha. Nikakimbia hadi nyumbani Ngezi, viatu mkononi. Tate, bibi yangu, alikuwa akipika sombe ya majani ya muhogo, harufu ya mawese imejaa uani.

“Tate, unipe jina mbio, wengine watamaliza!”

Akacheka mpaka mwiko ukamwanguka. “Weye ulifuata mapacha. Kwa siye Alur, binti mwenye kufuata mapacha ni Akelo. Jina yako iko tangu zamani. Nani atakunyanganya?”

Kumbe lilikuwa jina! Miaka yote nilidhani Akelo maana yake ni “njoo ule”, kwa kuwa Tate hakuniita hivyo bila sahani mkononi.

“Anaitwa nani?” muuguzi aliuliza.

“Akelo,” nilijibu, na njaa ikaniuma papo hapo.