Dedlaini kwenye matanga

Jumanne tulikuwa tumekaa mikekani uani kwa jirani yetu hapa Kolwezi, karibu na moto wa matanga ya mume wake, usiozimwa mpaka matanga yaishe. Akaingia kijana wa kampuni inayochimba shaba ng'ambo ya barabara, kofia ya mgodini kichwani. Alibaki wima.

"Mama, kampuni inataka hii lupango, nyumba na kiwanja yote. Dedlaini ya kuhama ni Ijumaa."

"Dedlaini ni nini, tata?"

"Ni Kiingereza. Siku ya mwisho."

Mimi, binti wa chuo kikuu, nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia neno hilo lilizaliwa gerezani, Amerika, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe: lilikuwa jina la mstari ndani ya ua, na mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi. "Sasa unamuchorea huyu mama mustari ndani ya lupango yake?"

"Mademoiselle, hapa si kampasi. Ni neno tu."

Mjane hakututazama. Alisogea, akapigapiga mkeka kwa kiganja. "Tata, ku matanga mutu hasemake akisimama. Ikala kwanza."

Kijana akavua kofia, akakaa. Hapa kwetu ukishakaa matangani huondoki wala huzungumzii mambo yako mpaka mwenye msiba akuruhusu. Simu yake ikalia; alikuwa bosi wake. Akajibu kwa sauti ya chini: "Chef, niko ku matanga. Ijumaa haiwezekane. Moto ingali inawaka."

Najua ofisi itamtuma mwingine, na huenda huyo atakataa kukaa. Hata hivyo, wasomaji wa mitaa inayopakana na migodi, tandikeni mikeka mapema.